Kusanifu kwa Kufuata Mchanga: Hedi za Injini Zinazopozwa kwa Hewa katika Mazingira ya Nyambureti

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna hedi ya injini inayopozwa kwa hewa inavyoweza kusanifiwa na kusubiwa mahali ambapo malighafi iliyopo ni mchanga, mkaa na alumini chakavu. Mazingira yanayorejelewa ni ya Nyambureti, kata ya Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, pamoja na maeneo jirani ya Tarime. Mfano mkuu wa kiufundi ni injini ya Volkswagen ya silinda nne, kwa kuwa ndiyo injini ya gari inayopozwa kwa hewa iliyojulikana zaidi Afrika Mashariki. Hoja ya makala ni kwamba usanifu na usubiaji wa hedi ni uamuzi mmoja. Msanifu anayechora kwanza na kuutafuta mchanga baadaye huishia na hedi nzuri kwenye karatasi na mbovu kwenye injini. Makala yanapitia mapezi, metali, kalibu, siti za valvu na upimaji, kisha yanaonesha mpaka ambao karakana ndogo haipaswi kuuvuka.

1.0 Utangulizi

Atakaye kuziona injini zinazopozwa kwa hewa katika Nyambureti hahitaji kwenda mbali. Pikipiki zinazobeba abiria, mahindi na magunia ya mkaa kati ya vijiji na mji wa Mugumu huendeshwa, kwa sehemu kubwa, na injini za silinda moja zenye mapezi ya alumini. Baadhi ya ndege ndogo zinazotua Seronera, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, nazo hutumia injini za pistoni zinazopozwa kwa hewa. Magari ya namna hiyo yamekuwa adimu, lakini hayajasahaulika. Volkswagen, ambayo watu wa pwani na bara waliizoea kwa umbo lake la mgongo wa kobe, ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, wakati njia yake ilipopita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Injini hizi zinapoharibika, sehemu inayowasumbua mafundi kwa namna ya pekee ni hedi. Pistoni hubadilishwa na silinda huchongwa upya, lakini hedi iliyopasuka kati ya siti mbili za valvu hurekebishwa kwa shida, na wakati mwingine haifai tena. Kwa mwenye pikipiki, hiyo ni siku kadhaa bila kipato. Kwa mwenye gari la zamani ambalo vipuri vyake havitengenezwi tena kwa wingi, huenda ukawa mwisho wa gari lenyewe. Hapo ndipo linapozuka swali la kitaaluma: je, hedi inaweza kusubiwa papa hapa, na ikiwa inaweza, ni masharti gani yatimizwe?

Swali hili lina uzito kwa sababu ukanda wa Ziwa Victoria si mgeni wa tanuri. Miongoni mwa jamii za ukanda wa Mara, wakiwemo Wakurya na Wangoreme, wahunzi walijulikana kwa jina la Waturi, nao walikuwa kundi lenye ujuzi na miiko yake. Upande wa magharibi wa ziwa, Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha mwaka 1978, katika jarida la Science, uchunguzi wao kuhusu uyeyushaji wa chuma huko Kagera. Walidai kwamba mafundi wa kale waliingiza mabomba ya kupulizia ndani kabisa ya tanuri, hivyo hewa ikapata joto kabla ya kuufikia moto. Tafsiri yao ilizua mjadala, lakini funzo linalohitajika hapa halitegemei mjadala huo: tanuri lilisanifiwa kwa kufuata udongo, madini na kuni zilizokuwepo. Makala haya yanadai kwamba hedi nayo isanifiwe hivyo hivyo.

2.0 Dhana za Msingi

Hedi ni kipande kinachofunga silinda kwa juu. Ndani yake mna chumba cha mwako, njia ya kuingizia mchanganyiko wa hewa na mafuta, njia ya kutolea moshi, valvu pamoja na siti zake, na tundu la plagi. Katika injini inayopozwa kwa maji, hedi huwa na mikondo ya maji ndani yake. Katika injini inayopozwa kwa hewa mikondo hiyo haipo, na joto lote linalopaswa kuondoka kupitia hedi hupita kwenye mapezi, yaani mabamba membamba yaliyopangwa kama mapezi ya samaki ili kuongeza eneo linaloguswa na upepo.

Kusubu ni kumimina metali iliyoyeyuka ndani ya kalibu. Kalibu ya mchanga hutengenezwa kwa kushindilia mchanga wenye unyevu kuzunguka umbo-mfano, kisha umbo hilo huondolewa na kuacha uwazi. Sehemu zilizo wazi ndani ya hedi, kama njia ya moshi, hutengenezwa kwa viini vya mchanga vilivyookwa, ambavyo huwekwa ndani ya kalibu kabla ya kumimina na kuvunjwa baadaye. Koo la kumiminia ndilo njia ya metali kuingia. Kisima cha kulishia ni akiba ya metali inayokaa juu ya sehemu nene, ili sehemu hiyo iendelee kupata metali wakati inapoganda na kusinyaa.

Katika injini ya Volkswagen, kila hedi huhudumia silinda mbili. Hedi na silinda hubanwa pamoja kwenye kasha la injini kwa nondo ndefu zenye nyuzi. Kwa hiyo hedi hubeba mizigo mitatu kwa wakati mmoja: shinikizo la mwako, mkazo wa nondo, na mtanuko wa joto usiolingana kati ya upande wa moshi na upande wa kuingiza. Nyufa hutokea mara nyingi kati ya siti mbili za valvu, au kati ya siti na tundu la plagi, kwa sababu hapo metali ni nyembamba na joto ni kali.

3.0 Hedi za Pekee: Historia Fupi

Elimu ya hedi za alumini zinazopozwa kwa hewa ilikua kwa kasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Huko Farnborough, Uingereza, A. H. Gibson na Samuel Heron walichunguza silinda za injini za ndege na kuonesha kwamba hedi ya alumini iliyopangwa vizuri huondoa joto kuliko hedi ya chuma cha kusubu. Katika kipindi hicho hicho, maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza ilibuni aloi iliyoitwa Y, yenye takriban asilimia 4 ya shaba, 2 ya nikeli na 1.5 ya magnesi, ambayo hudumisha uimara wake kwenye joto kuliko alumini ya kawaida.

Kwa upande wa magari, mfano unaofaa ni kazi ya Gerhard Oettinger wa Ujerumani, ambaye kampuni yake ilijulikana kwa jina la Okrasa. Hedi ya kawaida ya Volkswagen ilikuwa na njia moja ya kuingizia iliyogawanywa kwa silinda mbili. Katika miaka ya 1950 Okrasa waliuza hedi zenye njia ya pekee kwa kila silinda. Volkswagen wenyewe walianza kuuza hedi za njia mbili katika magari ya mwaka 1971. Hili linadhihirisha kwamba karakana ndogo inaweza kutangulia kiwanda kikubwa katika usanifu wa hedi, endapo ina uwezo wa kusubu, au ina mshirika mwenye uwezo huo. Bila usubiaji, usanifu hubaki kuwa mchoro.

4.0 Mapezi: Hesabu Inapokutana na Mchanga

Ufanisi wa pezi ni uwiano kati ya joto linalotoka kweli na joto ambalo lingetoka kama pezi zima lingekuwa na joto sawa na shina lake. Hutegemea mambo manne: upitishaji joto wa metali, unene wa pezi, urefu wake, na kasi ambayo upepo huchukua joto kutoka kwenye uso wake.

Tuchukue mfano wa hesabu. Aloi ya kusubu yenye upitishaji wa wati 150 kwa mita kwa kelvini hutengeneza pezi la unene wa milimita 2.5 na urefu wa milimita 30, na upepo huondoa wati 100 kwa mita ya mraba kwa kelvini. Ufanisi wa pezi hilo ni takriban asilimia 87. Urefu ukiongezwa maradufu hadi milimita 60, ufanisi hushuka hadi asilimia 64, na joto linalotoka huongezeka kwa asilimia 47 tu. Nusu ya mwisho ya pezi hufanya kazi ndogo kuliko nusu ya kwanza, ingawa inatumia alumini ile ile.

Hadi hapo ni nadharia. Sasa tuingie kwenye mchanga. Pezi la milimita 2.5 ni gumu kusubu kwa kalibu ya mchanga wa kawaida. Alumini huganda kabla ya kufika ncha, hasa ikimiminwa ikiwa imepoa kidogo. Fundi hushawishika kuongeza unene hadi milimita 5. Kwa pezi moja uamuzi huo unaonekana hauna madhara, kwani ufanisi hupanda hadi asilimia 93 na joto linalotoka huongezeka kwa takriban asilimia 7. Lakini hedi haina pezi moja. Ikiwa nafasi iliyopo ni milimita 90 na uwazi kati ya mapezi ni milimita 5, mapezi membamba yanaingia 12, na mapezi manene 9 tu. Jumla ya joto linaloondoka hupungua kwa takriban asilimia 20.

Je, hasara hiyo inaweza kufidiwa kwa urefu? Kwa hesabu ile ile, mapezi 9 manene yanapaswa kuwa na urefu wa milimita 39 ili yalingane na 12 membamba. Hapo linaibuka tatizo jingine. Uwazi kati ya mapezi, kwenye kalibu, ni ulimi wa mchanga. Ulimi wenye unene wa milimita 5 na kina cha milimita 39 una uwiano unaokaribia moja kwa nane, nao huvunjika umbo-mfano linapotolewa, au huchukuliwa na metali inapoingia. Hesabu ya joto inataka pezi refu, mchanga unalikataa.

Njia ya kati ni hizi tatu, nazo zinaweza kutumika pamoja. Kwanza, pezi lichongwe kwa mteremko: nene shinani, jembamba nchani. Umbo hili hulisaidia umbo-mfano kutoka bila kuvunja mchanga, na pia hulingana na mtiririko wa joto, kwa kuwa shina hupitisha joto jingi kuliko ncha. Pili, ndimi za mchanga zitengenezwe kando kama viini vilivyookwa, kwa mchanga uliochanganywa na molasi au mafuta ya kukauka, ambavyo ni imara kuliko mchanga mbichi. Tatu, badala ya kuongeza pezi, hewa iongozwe vizuri zaidi. Bati linaloikumbatia hedi na kuulazimisha upepo wa feni upite katikati ya mapezi huongeza uondoaji joto bila kuugusa mchanga kabisa. Injini nyingi za Volkswagen zilizoungua hazikukosa mapezi. Zilikosa mabati ya kuelekezea hewa, ambayo mtu aliyatoa na hakuyarudisha.

Mwinuko wa nchi nao uhesabiwe. Ziwa Victoria lipo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nchi hupanda kuelekea mashariki. Kwenye mita 1,500, uzito wa hewa kwa ujazo, kwa kipimo cha angahewa sanifu, ni asilimia 86 ya ule wa usawa wa bahari. Uwezo wa upepo wa feni kuchukua joto hupungua kwa karibu asilimia 11. Kwa upande mwingine, injini ya kabureta nayo huvuta hewa chache na kuzalisha joto kidogo. Kwa hiyo mwinuko peke yake hauunguzi hedi. Hatari huja pale dereva anapofungua mafuta zaidi na kukaa kwenye gia ndogo kwa muda mrefu ili kuupandisha mlima mzigo ule ule, kwani hapo joto huongezeka huku upepo ukibaki hafifu.

5.0 Metali: Si Kila Alumini ni Alumini

Makosa mengi ya usubiaji huanzia kwenye rundo la vyuma chakavu. Kwa macho, sufuria, kopo la soda, pistoni na rimu ya gari vyote ni alumini. Kwa hedi, vinne hivyo ni metali nne tofauti.

Sufuria hutengenezwa kwa alumini iliyo karibu kuwa safi. Hupitisha joto vizuri lakini ni laini, na huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi bila kutiririka vyema ndani ya nafasi nyembamba. Kopo la soda lina manganizi na magnesi. Limetengenezwa ili libonyezwe, si ili limiminwe, na sehemu kubwa ya bati lake jembamba hugeuka kuwa takataka juu ya chungu. Pistoni huwa na silikoni nyingi, mara nyingi karibu asilimia 12, pamoja na shaba, nikeli na magnesi. Hutiririka vizuri na huvumilia joto, lakini huweza kuwa na ukakamavu unaokaribisha nyufa. Rimu za alumini za magari kwa kawaida husubiwa kwa aloi ya A356 au jamaa zake, yenye takriban asilimia 7 ya silikoni na 0.3 ya magnesi. Aloi hiyo hiyo hutumika viwandani kusubia hedi.

Kwa hiyo mwenye karakana ndogo asiye na mashine ya kupima kemikali anayo njia ya kuaminika kuliko kukisia: ayeyushe rimu tupu, zilizosafishwa rangi, risasi za kusawazishia na vali za upepo, na asichanganye na kitu kingine. Rundo lililotengwa vyema lina thamani kuliko rundo kubwa.

Adui wa aloi hii ni chuma. Boliti iliyosahauliwa ndani ya chungu, au chungu cha chuma kisichopakwa udongo, huongeza chuma kwenye alumini, na chuma hicho huunda chembe ngumu zenye umbo la sindano ambazo ufa hupenda kuzifuata. Chuma kikishaingia hakitoki kwa njia rahisi. Tahadhari nyingine inahusu kasha la injini ya Volkswagen lenyewe, ambalo kwa kawaida lilisubiwa kwa aloi ya magnesi. Kipande chake kikitupwa kwenye chungu kwa kudhaniwa kuwa alumini, kinaweza kuwaka moto mkali ambao maji huuchochea badala ya kuuzima.

6.0 Kalibu, Moto na Gesi

Mchanga wa kalibu huhitaji chembe zinazolingana, udongo wa kushikamanisha na maji kidogo. Kwa kawaida udongo huwa kati ya asilimia 5 na 10, na maji kati ya 3 na 5. Mchanga wa mtoni hufaa baada ya kuchekechwa na kuoshwa. Kipimo cha mkononi ni rahisi: donge likifinywa lioneshe alama za vidole, na likivunjwa lipasuke sehemu moja bila kumomonyoka. Mchanga wenye maji mengi ni hatari kwa kazi na kwa mtu, kwa kuwa maji yaliyonaswa chini ya alumini iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kurusha metali nje ya kalibu. Anayemimina avae viatu vya ngozi, nguo za pamba na kinga ya uso, na asimame juu ya udongo mkavu, si juu ya saruji.

Alumini husinyaa mara mbili. Inapotoka kwenye hali ya kimiminika kuwa gumu, hupoteza takriban asilimia 6 ya ujazo wake. Hasara hii hulipwa na kisima cha kulishia. Baada ya kuganda, huendelea kusinyaa hadi kufikia joto la kawaida. Hasara hii hulipwa na umbo-mfano, ambalo huongezwa takriban milimita 13 kwa kila mita. Hedi yenye urefu wa milimita 300 huhitaji umbo-mfano la karibu milimita 304. Nyuso zitakazochongwa baadaye huongezewa nyama zaidi.

Upangaji wa visima ndio unaoamua uzima wa hedi. Sehemu nene kuliko zote ni ile inayozunguka chumba cha mwako na siti, nayo huganda mwisho. Ikikosa akiba ya metali, huachwa na matundu ya ndani pale pale ambapo ufa hutarajiwa. Msanifu anapaswa kulijua hili kabla ya kuchora: unene upungue polepole kutoka kwenye kisima kuelekea kwenye mapezi, na chumba cha mwako kikabiliane na kipande cha chuma kilichowekwa ndani ya kalibu ili kivute joto haraka. Metali iliyoganda haraka huwa na chembe ndogo na imara zaidi. Mchoro usio na nafasi ya kisima haujakamilika.

Gesi inayosumbua ni hidrojeni, ambayo hutokana na unyevu. Mkaa mbichi, chakavu chenye maji, chungu kisichopashwa na hewa yenye mvuke vyote huichangia. Alumini iliyoyeyuka hubeba hidrojeni takriban mara 20 zaidi ya alumini iliyotoka tu kuganda, hivyo gesi hutolewa wakati wa kuganda na kuacha vitundu. Viwandani hupitishwa gesi ya naitrojeni au agoni ndani ya metali ili kuiondoa. Pasipo vifaa hivyo, kinga ndiyo tiba: chakavu kikaushwe juu ya tanuri, metali isipashwe kupita nyuzi 750, isikorogwe ovyo, na imiminwe mara tu inapofikia joto linalotakiwa, ambalo kwa mapezi membamba ni kati ya nyuzi 720 na 740. Kipima joto cha umeme hapa si anasa. Rangi ya alumini haibadiliki kama ya chuma, na jicho lililozoea uhunzi wa chuma hudanganyika.

Hedi ya A356 iliyotoka kwenye kalibu bado haijafikia uimara wake. Huhitaji kupashwa takriban nyuzi 540 kwa saa kadhaa, kuzamishwa kwenye maji, kisha kupashwa tena karibu nyuzi 155 kwa saa chache. Tanuri la mkaa lisilodhibitiwa haliwezi kazi hii, kwani nyuzi chache za ziada huanza kuyeyusha mipaka ya chembe. Hatua hii ipelekwe kwenye tanuri la umeme lenye kidhibiti.

7.0 Siti za Valvu: Milimita Isiyoonekana

Valvu haiwezi kugonga alumini tupu. Huwekewa siti ya chuma. Ugumu ni kwamba metali hizi hazitanuki sawa. Aloi ya alumini hutanuka takriban sehemu 21 za milioni za urefu wake kwa kila nyuzi moja, na chuma takriban sehemu 12. Siti yenye kipenyo cha milimita 36, hedi ikipanda joto kwa nyuzi 200, huachwa na tundu lake kwa milimita 0.065, tukichukulia kwamba siti na hedi zina joto sawa. Kwa hiyo siti lazima iwe kubwa kuliko tundu kwa zaidi ya kiasi hicho ikiwa baridi. Tukichagua ziada ya milimita 0.12, inabaki milimita 0.055 ya kubana injini ikiwa moto.

Hesabu hiyo hiyo hutoa njia ya kuipachika. Hedi ikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 200, tundu hupanuka kwa milimita 0.136, na siti baridi huingia bila nyundo. Fundi anayeigongomea siti kwenye hedi baridi huikwangua alumini, na ile ziada aliyoichonga kwa uangalifu hupotea. Siti ikidondoka injini ikiwa inazunguka, hugongwa na pistoni na valvu, na kinachofuata si matengenezo ya hedi bali ya injini nzima.

Kazi hii ya sehemu za mia za milimita haifanywi kwa tupa. Inahitaji mashine ya kukereza na kipimo cha mikromita. Ndipo ulipo umuhimu wa kugawana kazi: kusubu kunaweza kufanyika kijijini, na kuchonga kukafanyika mjini, kwa mfano kwenye karakana zinazohudumiwa na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, au kwenye vyuo vya ufundi stadi.

8.0 Upimaji na Mpaka wa Karakana

Hedi mpya haithibitishwi kwa kufungwa kwenye injini. Vipo vipimo vitatu ambavyo karakana yoyote inaweza kuvifanya.

Kipimo cha kwanza ni uzito wa ujazo. Kipande cha metali iliyomiminwa pamoja na hedi hupimwa hewani, kisha ndani ya maji. A356 isiyo na vitundu ina takriban gramu 2.68 kwa sentimita ya ujazo. Kipande kikitoa 2.57, maana yake karibu asilimia 4 ya ujazo wake ni uwazi, na hedi iliyotokana na mmimino huo irudishwe kwenye chungu. Kipimo cha pili ni mafuta ya taa na chaki: njia za ndani hupakwa mafuta ya taa na upande wa nje hupakwa chaki, panapopenya, chaki hulowa. Kipimo cha tatu ni kukata. Hedi ya kwanza ya kila umbo-mfano ikatwe kwa msumeno katikati ya siti mbili na ikaguliwe. Ni hasara ya makusudi, lakini ni nafuu kuliko hasara ya barabarani.

Baada ya kufungwa, joto la hedi lipimwe kwa waya wa kipimajoto chini ya plagi. Mfano wa mipaka unapatikana kwenye injini za ndege: Lycoming huweka kikomo cha nyuzi 260 kwa injini zake nyingi, na Continental huweka nyuzi 238 kwa nyingi za kwake. Vikomo hivyo ni vya mwisho, si vya kazi ya kila siku, na hedi ya karakana isipewe hata ruhusa ya kuvikaribia, kwani A356 hupoteza sehemu kubwa ya uimara wake joto linapozidi nyuzi 200 kwa muda mrefu.

Mfano huo wa ndege unaonesha pia mpaka. Hedi iliyosubiwa kwa mchanga wa mtoni na rimu chakavu haifai kamwe kwa chombo kinachoruka. Kwa pikipiki ya abiria, haifai hadi ipite vipimo vyote vitatu na ifanyiwe majaribio bila abiria. Kwa gari la zamani, mtambo wa kusaga au pampu ya maji iliyofungwa mahali pamoja, ambako injini ikikatika hakuna anayetupwa barabarani, ndiko mahali sahihi pa kuanzia.

9.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba kila uamuzi wa usanifu wa hedi una mwenzake kwenye usubiaji. Unene wa pezi huamuliwa na upepo na ulimi wa mchanga. Umbo la chumba cha mwako huamuliwa na mwako na mahali pa kisima. Uimara wa siti huamuliwa na milimita chache za mia na joto la siku ya kupachika. Uteuzi wa aloi huamuliwa na uaminifu wa anayetenga chakavu. Kwa mazingira ya Nyambureti, hitimisho la kivitendo ni kuanza na kilichopo, yaani mchanga uliochekechwa, rimu zisizochanganywa na kipima joto, kisha kuchora hedi inayokubaliana navyo, ikiwa na mapezi machache yenye mteremko na mabati mazuri ya kuelekeza hewa.

Lipo pia hitimisho linalohusu lugha. Mnyororo huu unapita mikononi mwa watu wengi: anayetenga chakavu, anayeshindilia mchanga, anayemimina, anayekereza na anayefunga. Kosa la mmoja hugunduliwa na mwingine ikiwa tu wote wanaelewa sababu ya kila hatua. Anayetenga chakavu akijua kwa nini boliti moja huharibu chungu kizima, ataitafuta boliti hiyo. Kwa sababu hiyo, kuifafanua taaluma hii kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo gereji inayo tayari kama hedi, pezi, siti, kalibu na kisima, ni sehemu ya udhibiti wa ubora, sawa na chaki na mafuta ya taa. Utafiti zaidi unapaswa kuelekezwa kwenye kupima mchanga wa mito ya Mara kwa viwango vya usubiaji, na kwenye kulinganisha, kwa kukata na kupima, hedi zilizotokana na rimu tupu na zile zilizotokana na chakavu mchanganyiko.